Mzee Yohani Kinyala Lauwo, Kiongozi wa Mlima



Kabla ya kurasa za mapato na matumizi, kijitabu chetu cha harambee huwa kinatoa nafasi kwa maisha ya mtu mmoja wa kwetu aliyetutangulia. Mwaka huu tumemchagua Mzee Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki tarehe 10 Mei 1996 baada ya kuwaongoza watu mlimani kwa muda mrefu kuliko wengi wetu tulivyoishi.

Tumemchagua kwa sababu. Desemba inakaribia, na kama ilivyo desturi yetu, barabara ya kutoka Dar es Salaam itajaa magari yanayorudi Kilimanjaro. Miongoni mwenu wako wanaosema kwamba safari hii hawatakaa tu vihambani kula nyama na kunywa mbege, bali watapanda mlima mpaka kileleni. Wazo hilo ni zuri na tunaliunga mkono. Ila tumewasikia wengine wakilizungumza kana kwamba ni matembezi ya jioni ya kwenda kuangalia maporomoko ya Kinukamori. Wanaona kwamba kwa kuwa tumezaliwa chini ya mlima, basi mlima unatufahamu na hautatudhuru.

Tuseme wazi hapa, kwa kuwa tunaongea wenyewe kwa wenyewe. Wengi wetu tunaujua mlima kwa macho. Tunaufungulia mlango asubuhi, tunautumia kubashiri mvua, tunauonyesha kwa wakwe na mashemeji wanapotutembelea. Kuupanda ni jambo jingine. Wageni kutoka Japani, Ujerumani na Marekani wamekanyaga Kibo kwa maelfu, na nyumba nyingi za kwetu hazina hata mtu mmoja aliyewahi kuvuka msitu. Mzee Lauwo aliuvuka akiwa kijana, na jinsi alivyoandaliwa kwa kazi hiyo ndiyo habari tunayotaka kuisimulia.

Alizaliwa hapa hapa Marangu, katika ukoo wa Lauwo, na hapa ndipo alipoishi maisha yake yote. Marangu ya utoto wake ilikuwa ya migomba, mifongo ya maji na ng'ombe wa ndani. Kahawa ilikuwa bado haijaingia vihambani. Watu wengi waliishia mahali migomba ilipoishia, na juu ya hapo wakauachia msitu. Ukoo wake ulikuwa tofauti. Walikuwa watu wa msituni: waliwinda tembo kwa ajili ya pembe, walirina asali, walitafuta mbao na dawa za miti, na walileta ngozi za mbega zilizokuwa na thamani kubwa kwa mapambo. Kijana aliyekulia katika ukoo wa namna hiyo alijua njia za wanyama, alijua kijito kipi hakikauki, alijua saa ambayo ukungu hushuka na namna ya kuwasha moto kwa kuni zilizolowa. Hakuna aliyemwambia kwamba anajiandaa kwa lolote. Alikuwa anatafuta riziki na wazee wake.

Juu ya msitu, hata watu wa ukoo huo walikwenda kwa tahadhari. Wazee walikuwa na simulizi, na Johannes Rebmann, mmisionari aliyeiona theluji ya Kibo mwaka 1848, naye aliisikia: kwamba Mangi mmoja wa zamani alituma watu wapande wakamletee kile kitu cheupe kilichong'aa, akidhani ni fedha. Waliorudi walikuwa wachache mno, na mikono na miguu yao ilikuwa imeharibika kwa baridi. Wapo wanaoichukua simulizi hii kama ushamba wa watu wa kale waliowaogopa pepo wa mlimani. Sisi tunaiona ni taarifa sahihi kabisa. Watu wale walipelekwa juu bila nguo, bila chakula cha kutosha na bila kupewa siku za kuzoea, na yaliyowapata ndiyo yangempata yeyote, wa zamani au wa leo.

Mwaka 1889 Marangu ilikuwa chini ya Mangi Marealle. Inasimuliwa nyumbani kwamba kijana Kinyala, mrefu, wa umri wa miaka kama 18, alikuwa amekwepa kazi ya kutengeneza barabara, akakamatwa na kupelekwa mbele ya Mangi ili ahukumiwe. Siku hiyo hiyo bomani alikuwapo Mzungu aliyekuwa akiomba ruhusa ya kupanda mlima na kupewa wapagazi na mtu wa kuonyesha njia. Wachili wa Mangi walipomtazama yule kijana wakautambua ukoo wake, na wakajua kwamba watu wa ukoo ule wanaujua msitu. Hukumu ikageuka kuwa kazi. Aliyekimbia kuchimba barabara ya chini akapewa ile ya juu, na wazee wanaposimulia hapo huwa wanacheka kidogo.

Mzungu yule alikuwa Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, na hii haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 1887 alipanda mpaka akafika penye barafu, akashindwa kuendelea kwa kuwa hakuwa na vifaa vya kupandia barafu. Mwaka 1888 hakufika hata mlimani. Yeye na mwenzake Oscar Baumann walikamatwa na watu wa Abushiri, wakati pwani ilipokuwa imewaka kwa upinzani dhidi ya Wajerumani, wakaachiwa baada ya kulipa fidia. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alirudi Ulaya, akafikiria kilichomkwamisha, na mwaka 1889 akaja amejipanga vingine.

Tumekaa na jambo hili kwa kuwa ndilo lenye faida kwa msomaji anayepiga hesabu za Desemba. Meyer alibadilisha mambo mawili. La kwanza, alimleta mtu mwenye ujuzi ambao yeye hakuwa nao: Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, mpanda milima wa Alps aliyejua kutumia shoka la barafu na kamba. La pili, alipanga chakula. Sehemu kubwa ya msafara aliiacha chini, akapanda na watu wachache: wasimamizi wawili, wapagazi tisa, mpishi na kiongozi. Aliweka kambi moja baada ya nyingine, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kuleta vyakula kutoka Marangu. Maana yake ilikuwa kwamba wakishindwa siku moja hawalazimiki kushuka mpaka kwenye migomba. Wanapumzika pale pale juu na kujaribu tena.

Mpango huo ndio uliowasaidia. Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller waliondoka usiku, wakachonga ngazi kwenye barafu hatua kwa hatua, wakafika ukingo wa shimo la Kibo mchana wakiwa wamechoka kabisa. Waliona kilele kiko mbele yao, na saa zimekwisha. Wakageuka. Kwetu hicho ni kitendo kikubwa kuliko kufika kwenyewe, maana mtu aliyejaribu mara tatu, akiwa amebakiza mwendo mfupi, anahitaji akili iliyotulia ili ageuze mgongo. Walipumzika, wakahamia kulala juu zaidi, na tarehe 6 Oktoba 1889 wakapanda kwa kufuata ngazi walizokuwa wamezichonga, wakafika kilele cha juu kabisa. Ilikuwa siku ambayo Purtscheller alitimiza miaka 40.

Na kijana wetu? Hapa pana masimulizi mawili, na kijitabu cha nyumbani hakina sababu ya kuficha lolote kati yake. Katika kitabu chake, Meyer anasema waliokanyaga barafu mpaka kileleni walikuwa yeye na Purtscheller tu, na aliyebaki kulinda kambi ya juu katika baridi ile alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Nyumbani kwetu inasimuliwa kwamba Kinyala Lauwo alifika kileleni pamoja nao, akiwa peku, amejifunika blanketi. Yeye mwenyewe alipokuwa mzee aliulizwa sana habari hiyo, na kuanzia sherehe za miaka 100 za mwaka 1989 wengi wameikubali.

Maoni yetu ni kwamba ubishi huu umechukua nafasi kubwa kuliko unavyostahili. Ukimweka Lauwo kileleni au ukimwacha penye ukingo wa barafu, bado Wazungu wale wasingeliona barafu kama hapangekuwa na mtu wa kuwapitisha msituni, kuwaonyesha maji na kuwafikisha kwenye nyanda za juu wakiwa na nguvu. Na bado kuna wale wapagazi tisa na Mwini Amani, ambaye sisi watu wa milimani hatumtaji kwa kuwa hakuwa wetu. Mtu wa pwani, aliyezoea joto la Pangani, alikaa peke yake usiku katika urefu wa mita zaidi ya 4,000 akiwasubiri wenzake. Kama kuna siku tutapata nafasi ya kuweka majina getini, la kwake nalo tuliombee nafasi.

Baada ya Meyer, wengine walifuata, na kijana wa kukwepa barabara akawa mtu wa kutafutwa. Inasemwa alifanya kazi ya mlima kwa zaidi ya miaka 70, na kwamba alikwisha panda zaidi ya mara moja kabla ya kupata buti za kwanza za kupandia. Hebu msomaji alifikirie hilo anapochagua soksi dukani. Hakuna wa kusema kwamba blanketi na miguu mitupu vilikuwa vifaa vya kutosha. Alivimudu kwa kuwa alikuwa kijana, mwili umekomaa kwa baridi ya msituni, na hakuwa na kingine. Wengine hawakuvimudu. Mwaka 1909, Mwingereza Gertrude Benham alipopanda, inaelezwa kwamba watu wake walikataa kuendelea baada ya kukuta mifupa ya watu wawili wa msafara uliotangulia waliokufa kwa baridi. Bibi yule akaendelea mwenyewe. Sisi tunawaelewa waliokataa.

Katika maisha ya mtu huyu mmoja mlima ulibadilika sana. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walijenga vibanda viwili njiani, wakaviita Bismarck na Peters. Leo ni Mandara na Horombo. Kibanda cha Kibo kilijengwa mwaka 1932. Kilele kilichopewa jina la Kaisari Wilhelm kikawa Uhuru, pale Luteni Alexander Nyirenda alipokwenda kusimika bendera na Mwenge usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Hifadhi ya Taifa ikatangazwa mwaka 1973. Barafu, ambayo Purtscheller aliichonga ngazi, imerudi nyuma kiasi kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha. Anayepanda leo kwa njia yetu ya Marangu, akibahatika na hali ya hewa, anafika Uhuru bila kukanyaga barafu kabisa, akiwa anaiona pembeni.

Mwaka 1989, mlima ulipotimiza miaka 100 tangu kupandwa, Mzee Lauwo alikuwa bado yupo. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilimzawadia nyumba huko Ashira, na humo aliishi mpaka alipofariki. Hesabu ya nyumbani inamfanya awe na umri wa miaka 124 au 125 siku ya kufa kwake. Ni umri wa kusimuliwa, kama umri wa wazee wetu wote waliozaliwa kabla ya vyeti, na msomaji aupokee kwa namna hiyo. Lakini hata ukiupunguza, alikuwa mtu aliyekuwapo Wajerumani walipoingia, akawaona wakiondoka, akawaona Waingereza wakija na kuondoka, na bado kazi yake ikawa ile ile ya kutembea mbele.

Sasa turudi kwa ninyi mnaotaka kupanda. Mambo mengi ambayo Mzee Lauwo na wenzake waliyajua kwa miguu, leo madaktari wameyaeleza. Kileleni, katika mita 5,895, hewa imepungua nguvu kiasi kwamba kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata pwani. Mwili unaweza kuzoea, lakini unazoea kwa siku, hauzoei kwa saa. Ndiyo maana viongozi wetu wanaimba pole pole tangu getini, mahali ambapo njia ni pana na kila mtu anajiona anaweza kukimbia. Anayekimbia siku ya kwanza hana alichokiokoa. Ujana nao hausaidii katika hili: mara nyingi wanaoumwa ni vijana wenye nguvu, kwa sababu ndio wanaotangulia.

Angalieni ngazi zenyewe. Geti la Marangu liko chini kidogo ya mita 1,900. Mandara ni kama mita 2,700, Horombo mita 3,720, Kibo mita 4,700 na kidogo. Kutoka hapo mnaondoka karibu na saa sita usiku, mnapanda changarawe iliyoganda mpaka Gilman's, mita 5,685, kunapopambazuka, na Uhuru bado kuna mwendo wa saa moja na nusu au mbili kwenye ukingo. Safari inaweza kufanywa kwa siku tano. Tunawasihi mlipie ya sita. Siku hiyo ya ziada mnailala Horombo: mchana mnapanda kuelekea Mawenzi, jioni mnarudi kulala chini. Ni ule ule ujanja wa mwaka 1889 wa kukaa juu na kupumzika, na tofauti yake kwa wanaofika kileleni inaonekana. Wanaotaka kubana matumizi huikata siku hii kwanza. Ni afadhali mkate kitu kingine.

Kichwa kuuma, usingizi kukatika na chakula kukosa ladha ni mambo ya kawaida huko juu, na mwambieni kiongozi bila aibu. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akaongea maneno yasiyoeleweka, au akakosa pumzi hata akiwa amekaa, huyo anashushwa mara moja, usiku au mchana, na hakuna mjadala wa kwamba amelipa. Mwenye shinikizo la damu, pumu au ugonjwa wa moyo aende kwa daktari wake kabla ya kulipa chochote. Vidonge vya kusaidia mwili kuzoea mwinuko vipo, na hivyo pia ni mambo ya daktari, si ya kuazimana njiani.

Walio Dar es Salaam waanze mazoezi miezi miwili kabla. Vilima vya Pugu vinatosha, na ngazi za ghorofa mnazofanyia kazi zinatosha zaidi mkiwa na begi mgongoni. Walio Arusha wanao Mlima Meru, mita 4,566, na anayeumaliza atakuwa amejifunza mengi kuhusu mwili wake. Buti zinunuliwe mapema na zivaliwe sokoni, kanisani, popote, mpaka zikubali mguu. Buti mpya siku ya kwanza ni malengelenge siku ya pili. Desemba mvua za vuli huwa hazijaisha vizuri, kwa hiyo koti la mvua liwe la kweli, na nguo za usiku wa mwisho zifungwe kwenye mfuko wa nailoni zisilowe. Usiku ule baridi inaweza kufika nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri. Mnahitaji glovu nzito, kofia ya kufunika masikio, soksi za sufu, tochi ya kichwani na betri za akiba. Maji ni lita tatu au nne kwa siku hata kama kiu haipo. Supu mnayopewa jioni inywewe yote.

Na jambo moja ambalo vijitabu vya wageni havitawaambia: msitoke kwenye sherehe ya Krismasi moja kwa moja mkaenda getini. Mbege iacheni siku kadhaa kabla. Tutawahifadhia.

Sheria ya hifadhi ni kwamba hakuna anayepanda bila kiongozi mwenye leseni, hata awe mzaliwa wa mita mia kutoka getini. Raia hulipa ada ndogo kuliko wageni, na wengine wanaposikia hivyo hudhani kila kitu kitakuwa cha bei ya kindugu, wakaanza kumwomba kiongozi apunguze wapagazi. Hapo ndipo tunapogombana. Mizigo haipungui kwa kuomba. Ikipungua mikono, kilo zinahamia kwenye shingo ya kijana mwingine.

Wapagazi, ambao wenyewe huitana wagumu, ni watoto wetu. Kanuni inasema mpagazi asibebe mzigo unaozidi kilo 20, na getini kuna mizani. Simameni penye mizani hiyo mkaangalie, kwa macho yenu. Angalieni na viatu vyao. Wengine bado wanapanda na raba zilizochanika na jaketi la mtumba lisilo na zipu, zaidi ya miaka 130 baada ya yule kijana wa blanketi, na wanalala mahali ambapo mteja wao anatetemeka ndani ya mfuko mzito wa kulalia. Ulizeni kabla ya safari wanalipwa kiasi gani kwa siku na wanakula mara ngapi. Bakshishi mpeni kila mmoja mkononi, mbele ya wenzake, mkiwa mmeshaagana na njia.

Kwa ajili hiyo, pamoja na dawati na paa ambazo mmezoea kuzichangia, mwaka huu tumefungua sanduku la vifaa vya baridi. Vitakavyopatikana vitatunzwa nyumbani, na kijana yeyote wa kwetu anayepata safari ataazima kabla ya kupanda na kurudisha akishuka, kwa kuandikwa daftarini, bila malipo. Wenye fedha wachangie kwa utaratibu ulio ukurasa wa mwisho, wakiandika neno mlima kwenye risiti. Wenye vifaa walete vifaa: jaketi zisizopitisha maji, suruali za mvua, fulana nzito, glovu, mifuko ya kulalia. Ndugu zetu mlio Ulaya na Marekani, ambako vitu hivi huuzwa kwa bei ya kutupa majira ya baridi yanapokwisha, tunawategemea zaidi. Buti zinazotafutwa ni za namba 41 hadi 44, na tafadhali mzifunge pamoja kwa kamba zake, maana mwaka jana tulipokea ya kushoto tu.